Mshairi Mwenye Akili Timamu na Jirani Aliyepagawa: Mapitio ya Riwaya ya Pale Fire

Katika riwaya nyingi zinazosimulia maisha ya vyuo vikuu, mshairi huingia darasani akiwa amekwisha kuhukumiwa. Tunamtambua kwa nywele zisizochanwa, kwa chupa iliyofichwa kwenye mtoto wa meza, kwa wanafunzi wanaomsujudia na mkuu wa idara anayemwogopa. Tangu ukurasa wa kwanza tunajua kwamba kabla kitabu hakijafikia tamati mtu huyo ama atalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ama atajitoa uhai, na kwamba mwandishi anatutaka tuamini kuwa kipaji kikubwa hakimjii mtu bila adhabu ya aina hiyo. Nimezisoma riwaya za namna hii kwa miaka mingi na baadhi yake nimezipenda, lakini imani inayozibeba imezidi kunikera kadiri umri unavyosonga. Pale Fire ya Vladimir Nabokov, iliyotolewa mwaka 1962, ndiyo riwaya ya chuoni ninayoiona kuwa imeishughulikia imani hiyo kwa uadilifu kuliko nyingine nilizozisoma, kwa sababu imeuchukua ule mfungamano wa kipaji na wazimu, ikaukata vipande viwili, ikawagawia majirani wawili.

Kitabu chenyewe hakifanani na riwaya kwa umbo. Kinaanza na dibaji, kinafuata na shairi la mishororo 999 lililogawanywa katika sehemu nne, kisha yanakuja maelezo marefu ya mshororo mmoja mmoja, na mwishoni kuna faharasa. Shairi linachukua kurasa zisizofikia 40; maelezo yanachukua zaidi ya 200, na ukubwa huo peke yake unatosha kumtahadharisha msomaji kwamba kuna jambo haliko sawa. Neno letu la zamani la maelezo yanayoandamana na mashairi, yaani sherehe, linafaa hapa kuliko neno jingine lolote, kwa kuwa anachokifanya mfafanuzi wa shairi hili si kulifungua kwa ajili ya wasomaji, bali ni kujiandalia karamu juu ya kaburi la mwenziwe.

Mwenye shairi anaitwa John Shade. Ni mhadhiri mzee katika chuo kiitwacho Wordsmith, kwenye mji mdogo wa kubuni wa New Wye huko Marekani, naye ameandika kitabu kuhusu mshairi wa Kiingereza Alexander Pope, na ameishi na mke mmoja, Sybil, kwa miaka arobaini. Shairi lake amelitunga katika siku 20 za mwisho za maisha yake, mwezi Julai mwaka 1959, akiliandika kwa mwandiko safi kwenye kadi ndogo 80, kila kadi ikiwa na tarehe yake. Sehemu ya kwanza ina mishororo 166, ya pili na ya tatu zina 334 kila moja, na ya nne, kama mshororo wake wa mwisho ungeandikwa, ingelingana na ya kwanza. Mishororo yote imepangwa miwili miwili yenye kina kimoja, jambo ambalo msomaji aliyezoea tathnia atalisikia mara moja sikioni, hata kama mizani ya Kiingereza haihesabiwi kama yetu.

Ninayataja mahesabu haya kwa makusudi. Shade ni fundi. Katika sehemu ya nne anaeleza kwa subira njia mbili za kutunga, ile ya kichwani, ambapo mtu hubeba maneno yake akiwa anaoga au anatembea bila kalamu, na ile ya mezani, ambapo kalamu husaidia kuushikilia mshororo usiponyoke. Anazieleza akiwa bafuni, akinyoa ndevu, na damu kidogo ikimtoka. Hakuna roho inayomshukia, wala hapandwi na kitu. Tunachoonyeshwa ni mzee mnene anayelalamikia wembe na ngozi yake, ilhali akilini mwake kivumishi kimoja kinapimwa na kukataliwa, kinapimwa tena na kukubaliwa. Kwa mtu aliyelelewa katika arudhi, ambako malenga husifiwa kwa ujuzi wa vina, mizani na urari wa maana, sura hii haina ugeni wowote. Ugeni uko katika ile picha nyingine, ya mtunzi anayeandika kwa sababu amerukwa na akili.

Picha hiyo ni kongwe. Plato aliandika katika Phaedrus kwamba anayebisha mlango wa ushairi bila wazimu unaotoka kwa miungu wa sanaa, akidhani ufundi peke yake utamtosha, hatafika popote. Shakespeare alimweka mwendawazimu, mpenzi na mshairi katika kundi moja, akisema kwamba wote wameumbwa kwa njozi. Mwaka 1864 daktari wa Kiitalia Cesare Lombroso alitoa kitabu kizima kuhusu kipaji na wazimu, na tangu hapo imani hiyo ikavaa koti la sayansi. Jambo ambalo Nabokov aliliona, na ambalo wengi walioandika riwaya za chuoni hawakuliona, ni kwamba imani hii haitoki kwa washairi kiasi inavyotoka kwa wale wanaowasoma.

Ndipo tunapofika kwa jirani. Anaitwa Charles Kinbote, mgeni kutoka nchi ya kaskazini iitwayo Zembla, na kwa muhula mmoja au miwili amekuwa akifundisha katika chuo hichohicho huku akipanga nyumba ya jaji iliyo karibu na ile ya Shade. Ndiye aliyeandika dibaji, maelezo na faharasa. Anaanza kama mhariri mwenye nidhamu, akituhesabia kadi na kutaja tarehe, kisha katikati ya sentensi za kitaaluma analalamika ghafla kwamba mbele ya makazi yake ya sasa kuna uwanja wa michezo ya starehe wenye kelele nyingi. Nakumbuka nilivyoirudia sentensi hiyo mara tatu nilipoisoma kwa mara ya kwanza, nikidhani kwamba wapiga chapa wamekosea. Hawakukosea. Ufa mdogo umepasuka ukutani, na kuanzia hapo msomaji hujua kwamba nyuma ya ukuta huo kuna mtu anayeteseka.

Kinbote anaamini kwamba yeye ni Charles Xavier, mfalme wa Zembla aliyeponyoka mapinduzi, na kwamba muuaji aitwaye Gradus ametumwa kumfuata. Kwa miezi mingi amemsimulia Shade habari za ufalme huo, akiwa na hakika kwamba mshairi anazitia katika shairi. Shade anapopigwa risasi tarehe 21 Julai, Kinbote anaondoka na kadi zote, anapata saini ya mjane, na anaposoma anagundua kwamba shairi halina Zembla hata kidogo. Linahusu utoto wa Shade, ndoa yake, kifo cha binti yake, na swali la kama kuna uhai baada ya kaburi. Uchungu wa ugunduzi huo ndio uliozaa sherehe yote. Kila mshororo unageuzwa kuwa mlango wa kuingilia ikulu. Mti uliotajwa katika bustani ya Shade unatupeleka kwenye bustani ya mfalme. Neno la kawaida kabisa linakuwa siri. Pale maandishi yanapokataa kutii, Kinbote anaongeza mishororo aliyoitunga mwenyewe, akiiita rasimu zilizotupwa na Shade, na baadaye anakiri, kwanza kwa kujikanyaga katika maelezo, kisha kwa uwazi zaidi katika faharasa.

Kwa hiyo katika chuo hiki mwenye kipaji hana wazimu, na mwenye wazimu ni msomi. Nabokov alikuwa na sababu ya kuyajua mazingira hayo kwa karibu. Alifundisha katika chuo cha Wellesley, kisha Cornell kuanzia mwaka 1948 hadi 1959, na katika miaka hiyo alikuwa akiandaa tafsiri ya Eugene Onegin, shairi refu la mshairi wa Kirusi Pushkin, ambayo hatimaye ilitoka mwaka 1964 katika majuzuu manne, ufafanuzi ukiwa mrefu mara nyingi kuliko shairi lenyewe. Mtu huyu alijua kutoka ndani ya ngozi yake jinsi mfafanuzi anavyoweza kumpenda mshairi hadi akamfunika. Ndiyo maana Kinbote hasomeki kama kikaragosi. Mapenzi yake kwa Shade ni ya kweli, na kuna kurasa ambazo msomaji yeyote aliyewahi kusomesha mashairi atajiona humo na kuona haya.

Mfano mmoja unaonyesha ufundi wa kitabu hiki kuliko maelezo yangu yoyote. Jina la shairi, ambalo kwa Kiswahili ningeliita Moto Uliopauka, limechukuliwa kutoka tamthilia ya Shakespeare, Timon of Athens, mahali ambapo mwezi unaitwa mwizi kwa sababu moto wake uliopauka umeporwa kutoka kwenye jua. Shade anasema wazi katika shairi kwamba amemwomba Shakespeare amsaidie kupata jina. Kinbote hajui limetoka wapi. Kitabu pekee cha Shakespeare alicho nacho ni kimoja kidogo cha kutia mfukoni, katika tafsiri ya Kizembla, nacho ni hikihiki cha Timon. Na katika maelezo ya mshororo mwingine kabisa anatunukulia kifungu chenyewe, akikirudisha kutoka Kizembla, na lile fungu la maneno limekwisha kupotea njiani. Anatembea na jibu mfukoni na hawezi kulisoma. Sijapata kuona maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya kupagawa na kuelewa.

Tofauti hiyo inawekwa wazi zaidi katika sehemu ya tatu ya shairi. Shade, baada ya moyo wake kusimama kwa muda mara alipomaliza mhadhara, anakumbuka kwamba katika giza aliona chemchemi nyeupe ikiruka juu. Baadaye anasoma katika jarida kuhusu mwanamke ambaye naye alikaribia kufa na kuiona chemchemi ileile. Mtu aliyepagawa angeishia hapo na kujenga dini. Shade anafunga safari, anamtembelea mwanamke huyo, kisha anamtafuta mwandishi wa makala, na anaambiwa kwamba kulikuwa na kosa la uchapaji: mwanamke aliona mlima, neno ambalo katika Kiingereza linatofautiana na chemchemi kwa herufi moja tu. Anarudi nyumbani akiwa amepoteza ushahidi, lakini njiani anapata jambo jingine, kwamba huenda maana haiko katika habari yenyewe bali katika jinsi nyuzi zinavyosukwa. Namheshimu sana kwa safari hiyo. Utotoni, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, aliwahi kupatwa na vipindi vya kuzimia vilivyomtoa nje ya mwili wake na kumtawanya mahali pengi kwa wakati mmoja, na mshairi mwingine angevitumia vipindi hivyo kama cheti cha utume. Yeye anavitaja, anavishangaa, anaendelea na kazi.

Nisingependa, hata hivyo, kumfanya msomaji aamini kwamba riwaya hii inasema tu kwamba mshairi ni mzima na mwehu ni mwehu. Kama ingesema hivyo ingekuwa ndogo. Katika maelezo ya mshororo wa 629 kuna tukio la karamuni ambalo kwangu ndilo kitovu cha kitabu. Kinbote anawakaribia Shade na mwanamke mmoja wakiwa katika mazungumzo, na anamsikia Shade akipinga neno lililotumiwa kumwelezea mtu fulani. Anasema neno hilo halifai kwa mtu ambaye kwa kusudi ameyavua maisha yake ya nyuma ya kijivu na yasiyo na furaha na badala yake akavaa ubunifu unaong'aa. Mtu huyo, kwa maoni ya Shade, amefungua ukurasa mpya kwa mkono wa kushoto, basi. Kinbote anajitokeza, na mwanamke anamwambia haraka kwamba wanamzungumzia mzee wa kituo cha reli aliyejidhania kuwa Mungu na kuanza kuzielekeza treni upya. Huyo, anasema, kitaalamu ni kichaa, lakini John anamwita mshairi mwenzake. Msomaji makini anatambua kwamba mzee wa reli ameletwa ili kuficha jina la Kinbote mwenyewe.

Hapo Shade, aliye mzima kuliko wote chuoni, ndiye anayekataa kumtenga mgonjwa. Anakubali kwamba wote wawili wanachota kwenye kisima kimoja, kile cha ubunifu. Na lazima tukiri kwamba Zembla ya Kinbote ni nzuri: ina njia ya siri inayotoka ikulu hadi jumba la maonyesho, ina milima anayoivuka mfalme akiwa amevaa nguo nyekundu, ina lugha yake, ina huzuni yake. Kama angeiandika kama riwaya tungemwita msanii. Kinachomtofautisha na jirani yake ni kwamba Shade akishaiweka kadi chini anajua kwamba aliyoyaandika ni maandishi, na anaweza kuinua kichwa na kumsikia mke wake akimwita. Kinbote hana mlango wa kutokea. Faharasa inamtaja, karibu kwa kunong'ona, msomi mmoja wa asili ya Kirusi aitwaye Botkin, na wahakiki wengi, nami nikiwa miongoni mwao, tunaamini kwamba huyo ndiye mtu halisi aliyejifunika joho la Kinbote, ambaye naye amejifunika joho la mfalme.

Ni vyema kuiweka riwaya hii kando ya Humboldt's Gift ya Saul Bellow, ya mwaka 1975, kwa sababu hiyo inashika njia ya kawaida na kuifuata hadi mwisho kwa nguvu kubwa. Von Humboldt Fleisher ni mshairi wa kipaji kikubwa anayefundisha kwa muda katika chuo kikuu cha Princeton, anayepanga njama apewe kiti cha uprofesa, anayezidiwa na shuku na kupelekwa kwa nguvu Bellevue, hospitali ya New York inayolaza wagonjwa wa akili, na anayekufa katika hoteli duni jijini New York. Mfano wake halisi alikuwa Delmore Schwartz, aliyefariki mwaka 1966. Kuna ukurasa ambapo msimulizi, rafiki yake wa zamani, anamwona Humboldt barabarani akiwa amechakaa na kijivu usoni, naye anajificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Ukurasa huo unaniuma kila mara. Bellow pia anasema jambo ambalo wachache wamethubutu kulisema, kwamba nchi yake huona fahari juu ya washairi wake waliokufa, kwa kuwa kuanguka kwao kunawathibitishia wenye biashara na siasa kwamba ulimwengu halisi ni mgumu mno kwa watu laini. Lakini riwaya yenyewe haiwezi kujizuia kuupenda moto wa Humboldt, na msomaji kijana anaweza kuifunga akitamani kuungua vivyo hivyo.

Tamaa hiyo si jambo dogo. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, vyuo vikuu vya Marekani vilianza kuwaajiri washairi kwa wingi, na baadhi ya waliokuwa mashuhuri zaidi walikuwa wagonjwa. Theodore Roethke alilazwa mara kadhaa akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Washington. Robert Lowell, aliyefundisha Boston, aliingia na kutoka hospitalini kwa miaka mingi. John Berryman, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alijitoa uhai Januari 1972. Ni rahisi kuyapanga majina haya katika mstari mmoja na kuuita ushahidi. Ukiwasoma wenyewe unaona mambo mengine: masahihisho yasiyokwisha, vipindi vya ugonjwa ambavyo havikuzaa chochote kinachosomeka, na kazi kufanyika mgonjwa alipopata nafuu. Lowell alianza kutumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, mwaka 1967 na hakuacha kuandika. Ugonjwa ulimpokonya muda; haukumpa sanaa. Riwaya inayomfundisha mwanafunzi kinyume cha hayo inamdanganya katika umri ambao uongo huo unaweza kumgharimu maisha.

Pale Fire inaona pia dhambi nyingine ya chuo, ambayo ni kicheko. Kinbote anaeleza, bila kuelewa uzito wa anachokisema, jinsi wanafunzi walivyomwigiza jukwaani kama mtu wa majivuno anayechukia wanawake na kutafuna karoti mbichi. Anaeleza jinsi mwanamke mmoja alivyomwambia dukani, mbele ya watu, kwamba hapendezi na tena ana wazimu. Anaeleza kikaratasi alichokiokota chenye neno lililokatwa kwa nukta, ambalo yeye alilielewa kama shutuma ya harufu ya kinywa, ilhali sisi tunaona kwamba lilihusu njozi zake. Sybil Shade anampa majina ya kupe na nzi, na kumwita kimelea cha kutisha cha mtu mwenye kipaji. Majina hayo ni ya haki kwa sehemu, maana anawachungulia madirishani na kuwaingilia nyumbani bila kualikwa. Lakini katika chuo kizima, chenye wasomi wa kila fani, wote wanajua kwamba mtu huyu anaumwa, na hakuna anayemshika mkono isipokuwa mshairi anayetembea naye jioni na kumsikiliza. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na mwalimu aliyekuwa akiporomoka mbele yetu, nasi tulikuwa tukikusanya vituko vyake na kuvisimulia bwenini. Nimeisoma sehemu hii nikimkumbuka yeye.

Kitabu kina kasoro. Safari ya mfalme milimani ni ndefu kuliko inavyohitajika, na sura ya Gradus, muuaji mjinga anayesafiri kwa treni na ndege kwa kufuata mwendo wa mishororo, inachosha kabla ya kufika. Mapenzi ya Kinbote kwa wanaume yanatumiwa mara nyingi mno kama kichekesho, na msomaji wa leo ana haki ya kuudhika. Shairi lenyewe halilingani kote: sehemu ya pili ni kazi kubwa kwa kipimo chochote, lakini katika sehemu ya tatu dhihaka dhidi ya taasisi inayochunguza maisha ya ahera inapungua nguvu. Kuhusu ubishi wa muda mrefu wa wahakiki, wa nani amemtunga nani, sitakaa sana. Brian Boyd, mwandishi wa wasifu wa Nabokov, kwanza aliamini kwamba Shade ndiye aliyetunga kitabu chote na kumbuni hata Kinbote, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1999 akaiacha nadharia hiyo. Mimi husoma nikiwachukulia kuwa watu wawili, kwa sababu upweke wa Kinbote ukiwa ni mchezo wa mtu mwingine, kitabu kinapoa.

Kwa anayetaka kukinunua, ningeshauri nakala ya karatasi badala ya ile ya kusomea kwenye simu. Kazi yote ya mikono hapa ni kurukaruka, kutoka mshororo hadi maelezo, kutoka maelezo hadi maelezo mengine, na kidole kilichobaki katikati ya kurasa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko viungo vya kubofya. Kinbote mwenyewe anapendekeza tununue nakala mbili tuziweke kandokando, na tena tuanze na maelezo yake kabla ya shairi. Ushauri wa nakala mbili si mbaya. Ule wa kuanza na maelezo usifuatwe. Mwaka 2011 lilitolewa toleo maalumu lenye shairi peke yake, likiwa na kijitabu na kadi zilizoigizwa, na wapo waliolalamika kwamba kumtoa Kinbote ni kuua riwaya. Mimi nililifurahia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza niliweza kumsikia Shade bila mtu kumkatiza.

Lipo onyo moja ninalolazimika kulitoa. Binti wa Shade, Hazel, asiye na sura ya kuvutia na asiye na rafiki, anajiua usiku mmoja wa Machi mwaka 1957 baada ya kijana aliyeahidiana naye kumwacha, na sehemu ya pili ya shairi inatusimulia saa zake za mwisho sambamba na wazazi wake wakitazama televisheni nyumbani, wakibadilisha stesheni, wakitazama saa. Katika maelezo ya mshororo wa 493 Kinbote analizungumzia jambo hilo kwa kirefu na kwa kulitamani, na ni wazi kwamba anajizungumzia mwenyewe. Mtu ambaye yuko katika kipindi kigumu, au aliyefiwa kwa njia hiyo karibuni, ayaruke maelezo hayo bila kuona haya, au akisome kitabu akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Mimi niliyaruka kwa miaka miwili kabla ya kurudi kuyasoma.

Atakayeanza, na aanze na sehemu hiyo ya pili, aisome kwa sauti, maelezo yakiwa yamefungwa. Humo hakuna mfalme wala muuaji. Kuna baba anayepanga vina viwili viwili ili aweze kuutazama usiku ule tangu mwanzo hadi mwisho bila kugeuza uso, na kuna mama anayeuliza kama hiyo ni simu inayolia, huku nje upepo wa masika ya kaskazini ukiyeyusha barafu ziwani.